Hiyo iPad Tuipime kwa Mizani ya Hapa Amu

Haya ndo maneno nilosema Jumamosi moja ya Februari 2010 baada ya Isha, pale ukumbini Langoni, hapa Amu (Lamu), juu ya iPad, kompyuta bapa ya kugusa kwa kidole ya kampuni ya Apple, ilokuwa ndo kwanza imetangazwa. Wenzetu wa Faza na Siyu hawakuwahi boti, wengine wako Mombasa masomoni, wakaniomba niyaweke yote. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziondoa, yalobaki ni haya.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mlojazana pale mlangoni, sogeeni ndani, mikeka ya hapa mbele haina mtu. Leo stima imekubali, alhamdulillahi, basi tuitumie kabla haijabadili nia.

Kabla sijasema lolote naomba nipitishe kitu. Huu ubao. Shekhe, shika wewe kwanza, ukae nao kidogo, kisha mpe jirani yako. Hii si kompyuta. Ni kipande cha mbao nilokatiwa na fundi seremala, urefu sentimita 24 na kitu, upana 19, unene hata sentimita moja na nusu haufiki, alafu tukaupeleka dukani kwenye mizani ya sukari tukawa tunabandika chubwi za mshipi kwa nyuma, moja moja, mpaka mizani ikasoma gramu 680. Huo ndo ukubwa na ndo uzito wa iPad. Hapa Amu hakuna alokwisha kuishika na haijaanza kuuzwa popote duniani, kwa iyo nimeona badala ya kubishana juu ya kitu cha kwenye picha, bora kila mtu ashike kitu mkononi.

Ilitangazwa tarehe 27 Januari, mwezi ulopita, kule San Francisco Marekani, na Steve Jobs mwenyewe, mkuu wa Apple. Akasema ile ya wifi itatoka baada ya siku 60 na ile inoingia laini ya simu baada ya siku 90. Mimi video yake nimeivuta usiku, kipande kipande, manake nyaya za baharini zimefika Mombasa mwaka jana lakini sisi huku bado tunavuta kwa minara ya simu na mnaijua hali. Toka siku iyo pale barazani hakukaliki. Nusu ya vijana wasema hiki ndo kitu, kompyuta zote zimekwisha. Nusu wasema ni simu kubwa isopiga simu. Juzi wawili karibu washikane mashati, kwa kitu ambacho hakuna hata mmoja wao alokiona! Basi nikasema hapana, tukae kitako tulipime hili jambo, na tulipime kwa mizani ya hapa kwetu, si kwa mizani ya San Francisco.

Nianze na uzuri wake, na uzuri wake nauanzia nyumbani kwetu.

Mamangu ana miaka sabini na kitu. Mwaka juzi nilijaribu kumfunza kompyuta pale kwangu saiba, dukani kwangu kwa intaneti na ufundi wa kompyuta. Akaishika ile maus, akaiinua juu, akaielekeza kwenye skrini kama vile rimoti ya tivii. Ikawa haiendi. Nikamshika mkono nikamwonyesha, hivi mama, sukuma mezani, na kule juu yule mshale unakwenda. Akaniuliza swali ambalo mpaka leo sina jibu lake: mkono uko hapa, mbona kitu kinakwenda kule? Akasema, mwanangu niwate, haya si yangu.

Mwaka jana binamu yangu akaja likizo, akaniachia iPod touch, ile ndogo ya Apple ya kugusa kwa kidole. Nikaitia picha za harusi ya dadangu nikampa mama bila kusema neno. Akafuta kidole kwanza kwenye leso, kidole chenye hina ilofifia imebaki kwenye kucha tu, akaigusa picha, picha ikasogea. Akarudisha mkono kama kaguswa na moto. Akagusa tena, ikaja nyengine. Wallahi ndani ya dakika tano kafika picha ya arubaini na anaita majirani waje waone. Nani alomfunza? Hakuna. Kitu kiko pale na mkono uko pale pale.

Lakini baada ya siku mbili akanirudishia. Akasema kizuri, ila mato yangu hayaoni, nyuso zimekuwa kama punje za mtama. Ile iPod skrini yake ni inchi tatu na nusu. Hii mpya ni inchi 9.7. Sasa nyinyi mnosema ati hii ni iPod kubwa tu, nawajibu ndio, ni iPod kubwa, na huo ukubwa ndo alokuwa anautaka mamangu. Wazee wangapi hapa mjini wamewekwa nje ya mambo haya kwa sababu ya ile maus? Mama wangapi? Mtu kasoma dunia nzima kwa vitabu, ana akili kuliko sisi sote, lakini hawezi kufungua barua ya mjukuu wake mpaka amwite mtoto wa jirani amfungulie, na mtoto nae aisome. Hiyo si haki. Na hiki kitu, kwa mara ya kwanza naona, kimetengenezwa kwa ajili yao.

Mwajua Jobs alipokuwa akiionyesha alifanya nini? Alikaa kwenye kiti. Jukwaani, mbele ya watu, kaketi kwenye kiti cha kuegemea, kaweka mguu juu ya mguu, kitu kiko mapajani anasoma gazeti. Hivyo ndivyo tunavyokaa sisi barazani! Laptopu haikaliki barazani, inataka meza, inachoma mapaja, na kifuniko chake kinamficha jirani yako asione. Hii unaigeuza tu, na alokaa upande wa pili anaona.

Shekhe, mkono vipi? Umechoka? Haya, mpe wa pili. Mwaona, gramu 680 si nyingi lakini ukishika hewani kama kitabu, dakika tano tu. Hilo pia liwekeni kwenye mizani.

Jambo la pili ni stima, na hapa nasema kama fundi. Kampuni yasema betri yake inakaa saa kumi. Tufanye saa nane, sina ubishi. Nyinyi mnoleta laptopu zenu kwangu mwajua zinakaa saa ngapi? Nyingi dakika arubaini. Na umeme wetu ni wa majenereta, unajua wenyewe utakwenda lini na utarudi lini. Mtoto anosoma jioni na kitu cha saa kumi, huyo hata stima ikipotea toka Magharibi hana wasiwasi.

Tena kuna jingine ambalo sijaona watu wakilisema. Haina feni, na haina diski ya kuzunguka ndani. Mwezi ulopita nimefungua laptopu ya mteja, feni imeganda kabisa, nikaitoa kwa koleo, imejaa mchanga na nyuzi za mkeka na juu yake ukungu wa kijani wa chumvi. Hewa yetu inakula misumari ya madau, itaishinda feni? Kitu kisokuwa na feni na chenye matundu mawili matatu tu kitaishi hapa kuliko laptopu yoyote. Mpaka siku ya betri kufa. Hapo ndipo kinaponiuma. Manake betri iko ndani, haitolewi, hakuna hata skrubu ya kufungulia. Betri zote zinakufa, hiyo ni kawaida yake. Simu yako ya kawaida betri ikifa waja kwangu, wafungua mgongo kwa kucha, watia nyengine, shilingi mia tatu, kwaheri. Hii ikifa ni mpaka uirudishe kwao, na kwao ni wapi? Mimi nataka kitu kinachokufa kwa mkono wangu na kufufuka kwa mkono wangu, na wateja wangu wanataka hivyo hivyo.

Sasa nije kwenye lile lilonileta.

Wazee mlosoma chuoni zamani, mwaukumbuka ubao? Si huu wa chubwi, ule wenyewe. Ubao wa mti, unaandikwa kwa wino wa masizi, mwalimu akuandikia aya, wasoma, wahifadhi, kisha waenda ukauosha kwa maji na kumpa mwenzio. Ubao mmoja ulipita kwa watoto kumi. Ukutani kwa babangu ulikuwepo mmoja umelainika kwenye kishikio mpaka unang'ara kwa mikono ya watu. Ubao ule haukuuliza wewe nani. Uliupokea, ukautumia, ukaupitisha.

Na simu zetu za leo, kwani kilichozipa thamani ni nini? Ni kupitisha! Maulidi yakisomwa Riyadha usiku, kesho yake asubuhi kasida ziko kwenye kila simu hapa mjini, na hakuna alotumia intaneti hata chembe. Zimekwenda kwa memori kadi, zimekwenda kwa bluetuthi, mtu kakaa na mtu wamegusanisha simu wakinywa kahawa. Harusi ya juma hili, wiki ijayo iko Pate, imesafiri na nahodha mfukoni kwenye fleshi diski. Mitihani ya shule, mawaidha, nyimbo, picha za marehemu, vyote vyatembea hivyo. Hiyo ndo intaneti yetu, na haijawahi kukatika.

Je, iPad utaipitishaje?

Tundu la fleshi diski haina. Tundu la memori kadi haina. Wauza kiunganishi cha pembeni, na hicho kwa maelezo yao ni cha kuingizia picha kutoka kwenye kamera. Bluetuthi inayo, lakini kasida ya simu ya jirani haitaipokea, na yako haitaipeleka. Kila kitu kiingie kwa mlango mmoja, duka la Apple kwenye intaneti, au kompyuta yenye programu ya iTunes. Ndio, mmesikia sawa, ili uanze kuitumia lazima uwe na kompyuta. Sasa yule asokuwa na kompyuta, ambaye ndiye alokuwa akiihitaji zaidi, afanye nini?

Na kwenye hilo duka walipa kwa kadi ya benki. Sisi toka mwaka 2007 tuna M-Pesa, bibi yangu kule Matondoni apokea pesa kwa simu ya shilingi elfu mbili, lakini duka hilo halimjui. Lugha walizozitaja kwenye orodha yao ni kama tisa hivi, Kirusi kimo, Kijapani kimo. Kiswahili hakimo. Kiarabu hakimo. Kwa mji kama huu, uloandika tenzi zake kwa herufi za Kiarabu miaka na miaka, hilo mimi limeniumiza kuliko bei.

Na haina nafasi ya watu wawili. Kompyuta ya nyumbani baba ana chumba chake, mtoto ana chake, kila mmoja aingia kwa jina lake. Hii yajua mtu mmoja tu. Nyumba zetu mwazijua, kitu kikiingia ni cha wote, mpaka cha shangazi alokuja kutembea. Barua za baba na michezo ya watoto vyote sinia moja.

Subiri kijana, najua unotaka kusema, wacha niseme mimi mwenyewe, kwa sababu haki lazima isemwe. Wataka kusema virusi. Ni kweli kabisa. Huko huko kwenye kupitishana ndiko tunakopitishana maradhi. Kuna mwalimu mmoja alikuja kwangu saa tatu usiku anatetemeka, mitihani mitano kaitunga wiki nzima, yote kwenye fleshi moja. Fleshi ilikuwa imezunguka kwenye kompyuta mbili tatu za watu. Nikaitia, mafolda yapo kwa majina, ukifungua ndani hamna kitu. Yule bwana alikaa kwenye kile kiti changu cha plastiki kashika kichwa na mikono miwili, na mimi nikakesha mpaka adhana ya alfajiri. Nikapata mitihani miwili. Mitatu ikaenda. Kwa hiyo mtu akiniambia mlango mmoja wenye mlinzi ni salama kuliko nyumba isokuwa na mlango, simkatalii, usiku ule hata mimi ningeukubali huo mlango. Lakini mlinzi akae kwenye mlango wangu, na ufunguo niwe nao mimi. Hapa mlango ni wao, mlinzi ni wao, na ufunguo ni wao. Hapo ndipo tunapoachana.

Kamera. Hili nalipitia haraka. Haina kamera hata moja, si mbele wala nyuma. Kuna mama hapa, yuko nasi leo na ameniruhusu nimseme bila jina, mwanawe yuko Uingereza mwaka wa sita. Kila Jumapili anakuja saiba, tunamfungulia Skype na ile kamera ndogo ya kubandika. Picha inakwama, sauti inakuja baadaye, lakini anamuona. Siku moja kaja na sahani ya mahamri imefunikwa kwa kitambaa, akaifunua mbele ya kamera, mvuke bado unatoka, akamwambia mwanangu nimekupikia. Kimya. Yule kijana kule alilia, na mimi nikatoka nje. Sasa skrini kubwa hivyo, nzuri hivyo, ya kushikwa kwa mikono miwili kama unavyoshika uso wa mtu, wameacha kutia jicho? Mwenye kuitengeneza alikuwa na haraka gani? Nasema kwa moyo wote, hili ni kosa, na naamini watalirekebisha manake hata huko kwao watu wanalalamika.

Jobs mwenyewe alipofungua ukurasa wa gazeti la New York Times pale jukwaani, katikati pakatokea mraba mtupu, kwa sababu haifungui Flash, si fleshi diski, ni ile programu ya kuchezesha video na michezo kwenye intaneti. Vijana, ile michezo yenu ya kwenye intaneti pale saiba ndo hiyo. Na yafungua programu moja kwa wakati mmoja tu.

Manahodha nao waliniuliza kuhusu ramani ya baharini. GPS, ile ya kukuonyesha ulipo, iko kwenye ile ya laini ya simu tu, ile ya wifi haina. Na hiyo laini si hizi zetu, ni ndogo zaidi, yaitwa micro-SIM, kadi ulonayo haiingii. Na chombo cha kioo cha shilingi elfu hamsini juu ya dau, na maji ya chumvi, hapana, nahodha wangu, kaa na dira yako.

Bei basi. Ya chini kabisa ni dola 499, GB 16, wifi tu. Kwa pesa ya leo ni karibu shilingi 38,000. Ya juu kabisa, GB 64 na laini ya simu, dola 829, hiyo ni kama 63,000. Bado mzigo na ushuru.

Kuna jambo moja zuri nimeliweka mwisho. Programu yake ya vitabu itaanza kwa Marekani peke yake, na vitabu vyenyewe ni vya makampuni matano makubwa ya huko, chetu hakuna hata kimoja. Lakini aina ya faili walochagua ni ePub, na ePub haina mwenyewe, mtu yeyote aweza kuitengeneza, mimi nimejaribu wiki hii kwa kompyuta yangu na tenzi moja ya babu yangu imekubali. Kwa kusoma juani kule ufuoni ile Kindle ya Amazon, chombo chao cha kusomea vitabu, ni bora, skrini yake haiwaki na haikuchomi macho, na toka Oktoba ilopita wanaiuza nchi nyingi. Lakini ndani ya nyumba, usiku, stima imekwenda, mzee asosoma herufi ndogo, aikuze kwa vidole viwili mpaka kila herufi iwe kama kunazi? Hapo sioni cha kuishinda.

Maswali yalikuwa mengi, naweka mawili.

Dada mmoja akauliza, mwanangu yuko kidato cha tatu, mjomba wake yuko Marekani na amesema atamletea hiyo iPad, nimwambieje? Nikamjibu: mwambie ashukuriwe sana, na kwa pesa hiyo hiyo alete laptopu. Mtoto wa kidato cha tatu ana kazi ya kuandika, na kuandika insha kwa kidole juu ya kioo ni mateso, hata hiyo kibodi yao ya pembeni ni dola 69 nyengine. Laptopu ataandika, atatia fleshi, atapeleka shule, ikiharibika ataniletea. Lakini kama huyo mjomba anataka kumletea mamake, hapo namwambia asubiri toleo lenye kamera, alafu alete mbili.

La pili ni la Shekhe, na ubao ule ulikuwa umezunguka ukumbi mzima umerudi kwake. Akasema yeye hataki kusikia zaidi, anataka ajaribu kidole chake kwanza kwenye kile kidogo cha mamangu. Nikamkaribisha Jumanne baada ya Alasiri, na mwengine yeyote alotaka aje. Nikawaambia duka litakuwa wazi mpaka Magharibi, iPod itakuwa mezani imeshachajiwa, na picha za harusi bado zimo.